Deni la Basini: Biashara Ndogo ya Ndagala Mwambaoni mwa Fizi

Mtu akitaja jina la Fizi, hata hapa kwetu, mawazo yanakwenda mbio kwenye vita. Sisi tunaofundisha historia katika sekondari tunajua vile wanafunzi wanajibu: Mulele, Che Guevara, Kabila, Mai-Mai. Wanajibu vizuri, wanapata pointi zao. Lakini tukiwauliza nani aliwalipia minervali ili wakae pale wakijibu, wengi wanasema: mama. Na mama anafanya nini? Anauza ndagala. Hayo hayamo katika kitabu chochote cha darasa, na ndiyo tunataka kuyaandika hapa.

Walimu wa mwambao wana kalenda yao ambayo wakaguzi hawaijui. Mwezi ukiwa mkubwa, minervali hailipwi. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa: samaki wanavutwa na mwanga, wanakuja juu, wavu unawatoa chini. Sasa mwezi ukijaa, ziwa lote linakuwa taa, na taa ya mvuvi haina kazi tena. Mitumbwi inapanda nchi kavu siku 7 hadi 10, wavuvi wanashona nyavu, wamama wanakaa na basini tupu. Mwalimu mgeni kutoka Bukavu anafukuza watoto siku zile juu ya deni la shule. Mwalimu mwenyeji anangoja giza lirudi.

Tuanze mbali kidogo. Wengine wanasema Wabembe ni watu wa mlima na shamba, kwamba biashara ilikuja na wageni. Hii ni nusu ya ukweli. Mnamo 1858 Burton na Speke, Waingereza wawili, walitoka Ujiji kwa mitumbwi miwili mikubwa, wakapita Ubwari, wakafika Uvira katika mwezi wa nne. Hawakufungua njia yoyote. Waliajiri wapiga kasia waliokuwa wanaijua njia, kwa sababu njia ilikuwa ya biashara tayari. Chumvi ya Uvinza ilivuka ziwa. Mafuta ya mawese, samaki mkavu, chuma, nguo za magome ya miti, mbuzi, vyote vilikuwa vinavuka. Ujiji ilikuwa na soko ambamo shanga zilikuwa feza, na mwenye shanga chache aliweza kununua chakula cha siku ile tu. Huyo ndiye mchuuzi mdogo wa kwanza tunayemjua katika maandishi, ingawa hakuna aliyeandika jina lake.

Njia ile ilikuwa mkono wa bahari. Kutoka Ujiji misafara ilitembea mpaka Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo vitu vilikwenda Unguja na Maskati. Wangwana wa pwani walipofika kwetu walileta ufundi wa majahazi, lugha hii tunayoandika, na majina: Baraka yenyewe ni neno la bahari lililokuja kukaa kwenye ziwa. Tusifiche pia kwamba walileta minyororo. Wakati wa Rumaliza, aliyeshika Ujiji na sehemu ya kaskazini ya ziwa mpaka Wabelgiji walipomshinda katika 1894, mtu alikuwa bidhaa kama pembe ya tembo. Wamisionari Wazungu waliojenga Kibanga, kwenye ghuba yetu, katika 1883 walikuta nchi ambayo watu walikuwa wanaikimbia pwani na kupanda mlima. Kwa hiyo anayesema Wabembe ni watu wa mlima aulize pia nani aliwafukuza majini.

Jambo moja la 1858 linatuchekesha kila mara tukilifundisha. Speke alivuka ziwa akienda kumuomba mfanyabiashara mmoja Mwarabu, Sheikh Hamid bin Sulayyim, amwazime jahazi. Alipewa chakula na maneno mazuri. Jahazi hakupata. Kila mama wa Baraka aliyewahi kumsubiri mwenye boti anaelewa safari ile kuliko profesa yeyote.

Wakati wa Wabelgiji ziwa lilipata mabwana wengine. Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma katika 1914, na reli kutoka Kabalo ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, katika 1915. Tangu hapo samaki mkavu hakwenda tena paka kwa jirani. Alikwenda kwenye migodi ya Katanga na ng'ambo kwenye shaba ya Rodezia, akawa chakula cha wafanyakazi. Watu wa mwambao walilazimishwa pamba, na samaki alikuwa kazi ya baada ya pamba. Dekreti ya 1937 juu ya uwindaji na uvuvi iliwekwa, na ikaendelea kutajwa miaka mingi baada ya uhuru.

Wazee wanaokumbuka maneno ya wazazi wao wanaeleza uvuvi wa lusenga: mtumbwi mmoja, moto wa kuni au matete uliowashwa mbele, na wavu wa mviringo wenye mpini mrefu wa kuchotea ndagala. Mtu na ndugu yake walitosha. Mtaji ulikuwa mti, kamba na nguvu. Katika miaka ya 1950 mambo yaligeuka kwa haraka. Wagiriki wa Bujumbura walianza uvuvi wa meli na nyavu za kuzungusha, na wakati ule ule ukaja ule mtambo wa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, tunaoita katamarani, wenye taa za presha na wavu wa kushusha. Katamarani moja ilivua kuliko lusenga nyingi. Lakini ilihitaji nyavu za dukani, taa za Coleman au Petromax, mafuta ya taa kila usiku, na wavuvi wanne au zaidi. Hapo ndipo mwenye chombo na mvuvi walitengana. Kabla ya pale mvuvi alikuwa mwenyewe bwana. Baada ya pale, mafuta na chakula vinatolewa kwanza, kiisha mwenye chombo anachukua nusu, na vijana waliokesha wanagawana nusu inayobaki.

Na mama? Mama akawa mtu wa tatu. Ndagala ni samaki asiyengoja. Akifika saa 12 asubuhi, saa 5 ameanza kuharibika. Mwenye chombo hana nafasi ya kuanika, hana nafasi ya kwenda Fizi-Centre, huko juu, au Lulimba. Basi mama anashuka kwenye mchanga kabla jua halijatoka, anapima kwa basini, anabeba, anaanika kwenye mchanga au majani, anageuza, anakusanya kabla ya mvua. Mara nyingi anabeba bila kulipa. Hii ndiyo desturi tunayotaka kuitaja kwa heshima, maana katika vitabu vya desturi zetu tunasoma ndoa, tohara na Bwami, na hii hatuisomi.

— Muzee, nipe mbili, nitaleta Jumatano.
— Ile ya juzi?
— Ile ya juzi iko njiani Misisi, tate. Si unajua barabara.
— Chukua mbili. Lakini Jumatano, mama.

Hakuna karatasi. Hesabu ni ya basini, si ya feza. Aliyechukua basini mbili ana deni la basini mbili au bei yake ya siku ya kulipa. Vijana wetu waliosoma biashara wanacheka na kusema huu ni ushamba, kwamba deni linahesabiwa kwa dola. Wangojee tufike mbele kidogo.

Uhuru ulikuja katika 1960, na kwa Fizi amani haikukaa. Uasi wa 1964 uliteka mwambao wote. Katika mwezi wa nne 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akaingia milimani mwetu, akaondoka mwezi wa kumi na moja, wakati jeshi na askari wa kukodiwa wa Hoare walipokuwa wameisharudisha Baraka. Baadaye Laurent-Désiré Kabila aliunda PRP katika 1967, na maquis yake ikakaa huko juu karibu miaka 20. Kwa historia ya vita hayo yanatosha. Kwa historia ya biashara ndogo, maana yake ni kwamba mtu wa mlimani na mtu wa mwambao walitenganishwa. Muhogo ulikuwa upande mmoja, samaki upande mwingine, na aliyebeba kikapu katikati aliweza kushukiwa na pande zote mbili. Wengine walivuka kabisa, wakaanza maisha Kigoma.

Serikali nayo haikulala. Zairianizasioni ya Novemba 1973 iliondoa Wagiriki, Wahindi na Waarabu kwenye maduka na vyombo vyao, ikavipa watu waliokuwa karibu na chama. Nyavu, taa na mota vilikuwa vinapitia mikononi mwa wale waliofukuzwa. Vyombo vilipokufa, hakuna aliyejua wapi pa kununua kipuri. Katika siku za Noeli 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Fikirini mama wa Kazimia au Yungu, mbali na benki yoyote, mwenye feza yake ya miaka mitatu ndani ya chungu. Katika 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Katika 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100 000. Ndani ya miaka 20 feza ilikufa mara tatu mikononi mwa watu wale wale.

Basini haikufa. Ndiyo sababu tunaomba wasomi wetu wasicheke.

Mwaka 1996, vita vya AFDL vilipofika, mwambao ulimwagika ndani ya ziwa. Watu walivuka kwa chochote kinachoelea. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule, na Lugufu ikafuata. Waliobaki walipata vita ya 1998, na Makobola ilipata kile ilichopata siku za mwisho za mwaka ule, ambayo hatutaieleza hapa kwa sababu ina kurasa zake. Kurudi kulianza kwa mpango katika Oktoba 2005, meli zikitoka Kigoma zikishusha watu Baraka. Walirudi na mabati, na cherehani, na Kiswahili kingine: watoto walisema dagaa, wakasema migebuka kwa samaki tunayemwita mukeke na ambaye wa Kalemie humwita mikebuka. Bibi zao walikasirika kidogo. Leo maneno yote yanauzwa kwenye meza moja.

Katika miezi ile ya kurudi tulisikia kesi moja ambayo haitutoki. Mama mmoja alikuwa amechukua basini tatu asubuhi moja ya 1996, kiisha risasi zikalia. Akakimbia na watoto, ndagala zikabaki zinakauka juu ya mchanga. Aliporudi, miaka 9 baadaye, aliuliza nyumba ya mwenye chombo. Mzee alikuwa amekufa. Binti yake alikuwepo, hakujua deni lolote, na hakulitaka. Mama hakukubali. Feza ya wakati ule ilikuwa karatasi ya kuchezea watoto, hakuna aliyeweza kusema deni ni franka ngapi. Lakini basini tatu ni basini tatu. Wazee waliitwa. Walisema alete mbili, na ile ya tatu ihesabiwe kwa vita. Alileta mbili, zimejaa mpaka juu, na tangu siku ile alikuwa na fasi ya kukopa.

Aliyekuwa na benki Bukavu au Uvira wakati ule atuambie ni deni gani lake lilibaki hai miaka 9 bila karatasi.

Sasa tuseme na mabaya, kwa maana desturi si malaika. Deni hili linamfunga mama kwa mwenye chombo mmoja. Akidaiwa na huyu, hawezi kwenda kununua kwa bei nzuri kwa yule. Siku samaki ni wengi bei inaanguka na anapewa nyingi asizoweza kuanika. Siku ni wachache, wenye feza taslimu kutoka Uvira na Kalemie wanapita mbele yake. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikianguka juu ya ndagala zilizoanikwa, hasara ni yake peke yake, mwenye chombo hana habari. Wamama wengi wameanza kuanika juu ya chanja, na ndagala ya chanja haina mchanga, inauzwa vizuri zaidi. Lakini chanja ni miti, wavu na msumari, na mtaji wa kwanza unatoka wapi? Mara nyingi unatoka kwenye likelemba, au katika miaka hii kwenye zile AVEC ambamo wanaweka kidogo kidogo kila wiki na kugawana mwisho wa mwaka. Tumeona AVEC ya wamama ikinunua miti ya chanja, jambo ambalo mradi mkubwa wenye magari ulishindwa.

Barabara ni sura nyingine. Kutoka Baraka kwenda Uvira kupitia Mboko na Swima, au kusini kuelekea Lulimba na Misisi kwa wachimba zahabu, gunia la ndagala linasimamishwa kwenye bariyeri moja baada ya nyingine. Kila mwenye kamba anataka kitu. Baadhi wana uniformu, wengine hawana, na karatasi ya kodi uliyolipa nyuma haisomwi mbele. Mfanyabiashara mkubwa mwenye lori anapiga simu, anapita. Mama mwenye gunia moja juu ya pikipiki analipa sawa na mwenye kumi, kwa sababu bariyeri inahesabu mtu, haihesabu mzigo. Hapo ndipo biashara ndogo inakufia, kuliko mahali pengine popote.

Majini si salama zaidi. Mota zinaporwa usiku na watu wenye silaha, na chombo bila mota ni mbao. Katika Septemba 2017 wapiganaji wa Yakutumba walifika mbele ya Uvira kwa njia ya ziwa, na siku nyingi baadaye hakuna aliyetaka kulala majini. Boti nazo zinabeba kupita kiasi. Katika Desemba 2014 MV Mutambala, meli iliyochukua jina la mto wetu, ilizama, na zaidi ya watu 100 walikufa. Wengi wa wasafiri wa meli kama zile ni wachuuzi, kila mmoja na gunia lake.

Na ziwa lenyewe? Ni refu, zaidi ya kilomita 650, na kina chake kinafika karibu mita 1 470. Kwa hiyo watu wanadhani halina mwisho. Lakini ndagala wanaishi katika maji ya juu, na wanategemea upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi kuyachanganya maji ili chakula cha chini kipande. Watafiti waliandika tangu 2003 kwamba maji ya juu yamepata joto, kuchanganyika kumepungua, na chakula cha samaki kimepungua pia. Mvuvi wa Sebele anasema kitu kile kile bila mashine: taa zimeongezeka, samaki wamepungua. Taa za presha zimeisha, sasa ni balbu za batri na za jua, kila mwenye uwezo anaweka nyingi. Na kandokando, watoto wanakokota musitikere, zile nyavu zilizogawiwa kwa ajili ya malaria, wakitoa vitoto vya ndagala visivyofika urefu wa kidole. Katika 2020, 2021 na tena 2024 maji yalipanda, yakala nyumba, meza za soko na fasi za kuanikia. Wazee walikumbuka mafuriko ya miaka ya 1960. Fasi ya kuanikia ikimezwa, mama hana mahali pengine pa kwenda, kwa kuwa kiwanja cha nyuma yake kina mwenyewe.

Nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa pamoja katika 2003, na katika Desemba 2021 zikakubaliana juu ya uvuvi, pamoja na kulipumzisha ziwa miezi mitatu kwa mwaka. Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Sisi hatupingi ziwa kupumzika. Babu zetu wa lusenga walilipumzisha bila kutaka, kwa sababu moto wa matete haukuweza kuchota kila kitu. Lakini tunaona kwamba wanaoandika miezi hii mitatu wanahesabu vyombo na tani, na hawahesabu basini. Miezi hiyo ni ya kiangazi, ndiyo miezi mizuri ya kuanika, na ndiyo miezi ambayo mama anatafuta minervali ya Septemba. Elimu ya msingi ilitangazwa bure katika 2019. Sekondari haikuwa ndani. Tungependa kwanza musitikere na nyavu za kukokota ziondolewe kwenye ufuko, mahali samaki wanapozalia, kiisha tuzungumze miezi.

Jambo hili lilizungumzwa mwambaoni katika kikao kimoja tulichohudhuria. Mwenye vyombo vitatu alisema yeye anakubali kufunga, atatengeneza mbao zake. Afisa mmoja alimshukuru na kuandika. Kiisha mama mmoja aliyekaa nyuma, na basini yake miguuni, akasimama akauliza: basini nne nilizochukua Jumatatu kwa huyu muzee, kama ziwa linafungwa, nitazilipa na nini, na yeye atanidai kuanzia siku gani? Mwenye vyombo akamtazama afisa. Afisa akatazama daftari lake. Swali lile halikuandikwa, na tulipotoka jua lilikuwa limeishaingia, taa za kwanza zilikuwa zinaelekea Ubwari.